Anayeathiri na Anayeathiriwa: Wadau na Udhibiti wa Menejimenti katika Historia ya Kilembe, Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanaisoma upya historia ya kiuchumi ya wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa kutumia nadharia ya wadau na dhana ya udhibiti wa menejimenti. Mifano miwili inalinganishwa: mgodi wa shaba wa Kilembe (1956–1982) pamoja na taathira zake za baadaye, na biashara ya kahawa katika eneo la Bwera, mpakani mwa Kongo. Hoja inayojengwa ni kwamba mifumo ya udhibiti iliwatambua wale walioweza kuiathiri taasisi na kuwaacha nje wale walioathiriwa tu, na kwamba neno mdau lenyewe, kwa jinsi lilivyoundwa, huchangia kuificha tofauti hiyo.

Utangulizi

Mwaka 1984 mtaalamu wa menejimenti wa Marekani, R. Edward Freeman, alichapisha kitabu kilichoipa nguvu nadharia ambayo leo inajulikana kwa Kiswahili kama nadharia ya wadau. Freeman hakulitunga neno la Kiingereza alilolitumia. Mwenyewe alieleza kwamba lilikwisha kutumika mwaka 1963 katika waraka wa ndani wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kwa kucheza na sauti ya neno linalomtaja mwenye hisa. Alichokifanya ni kulipanua. Kwake, mdau wa taasisi ni mtu au kundi lolote linaloweza kuathiri, au linaloathiriwa na, utimizaji wa malengo ya taasisi hiyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, fasili hiyo ina jambo la kisarufi linaloonekana mara moja. Kitenzi ni kimoja, kauli ni mbili: kuathiri na kuathiriwa. Mtendaji na mtendwa wamewekwa katika sentensi moja, wameunganishwa kwa neno "au", na wote wawili wakapewa jina moja. Je, katika historia halisi ya taasisi za Afrika Mashariki wawili hao walipata nafasi moja? Wilaya ya Kasese inafaa kwa swali hilo kwa sababu ndani ya eneo dogo, kutoka bonde la mto Nyamwamba hadi soko la Mpondwe, zilikutana kampuni ya kigeni, mashirika ya umma, bodi ya mazao, hifadhi ya taifa, vyama vya ushirika na mpaka wa kimataifa.

Suala la neno lenyewe linastahili kutangulia. Mdau limejengwa kwa kiambishi m- na nomino dau. Katika "kuweka dau", nomino hiyo hutaja kitu au fedha ambayo mchezaji huitoa katika mchezo wa bahati huku akikubali kwamba huenda akaipoteza. Dau la pili, lile chombo cha majini, lingeweza kuzaa tafsiri tamu zaidi, ya watu waliomo chombo kimoja wakingojea upepo mmoja. Hata hivyo, ni dau la mchezo ndilo linaloshabihiana na neno la Kiingereza lililofasiriwa, na ndilo linalopaswa kutazamwa kwa uangalifu. Mwenye kuweka dau amekwenda mchezoni kwa miguu yake. Amejua kwamba kuna mchezo, amechagua kiasi na anazijua kanuni. Mkulima wa viazi vikuu aliyekuwa akilima kando ya Nyamwamba kabla mgodi haujafunguliwa hakuweka chochote. Kumwita mdau ni kumpa, kwa adabu kubwa, hiari ambayo hakuwa nayo.

Daftari na kauli ya kutenda

Upande wa pili wa mada hii ni udhibiti wa menejimenti. Robert Anthony, katika kitabu chake cha mwaka 1965, aliueleza kuwa ni mchakato ambao kwao wasimamizi huhakikisha kwamba rasilimali zinapatikana na kutumika kwa ufanisi na tija katika kutimiza malengo ya taasisi. Bajeti, taarifa za gharama, viwango vya uzalishaji, ukaguzi wa ndani na malipo ya watumishi ni vyombo vyake. Baadaye Robert Simons, mwaka 1995, aliongeza kwamba udhibiti una pia nguzo za imani, mipaka ya tabia na mazungumzo baina ya ngazi za uongozi. Kwa wote wawili, mahali pa kuanzia ni malengo ya taasisi. Kisichogusa malengo hayo hakina safu katika daftari.

Hapo ndipo nadharia mbili zinapogongana. Ya kwanza inauliza nani anastahili kuhesabiwa, na ya pili, bila kuuliza, huwa imekwisha kuamua. Jaribio la Mitchell, Agle na Wood la mwaka 1997 lilipunguza umbali huo kwa kupendekeza kwamba wasimamizi huwatambua wadau kwa sifa tatu: nguvu, uhalali wa madai, na uharaka wa madai. Mwenye uhalali na uharaka lakini asiye na nguvu huitwa na waandishi hao mdau tegemezi, kwa kuwa dai lake husikika tu pale mwenye nguvu anapolibeba. Itaonekana kwamba sehemu kubwa ya historia ya bonde la Kilembe imo ndani ya kikundi hicho kimoja.

Kuna pingamizi linalotarajiwa. Inaweza kusemwa kwamba ni kosa la kihistoria kuupima mgodi uliofunguliwa mwaka 1956 kwa nadharia ya mwaka 1984. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama madai ya walioathiriwa yangekuwa uvumbuzi wa watafiti wa baadaye. Hayakuwa hivyo. Yalisemwa kwa sauti, yaliandikwa na tume ya serikali, na baadhi yake yalipimwa na mwanasayansi wakati mgodi ungali unafanya kazi.

Kilembe, 1950–1982

Shaba ya Kilembe ilijulikana mapema katika karne ya 20, na kampuni ya Tanganyika Concessions iliifanyia uchunguzi katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili bila kufikia hatua ya kuichimba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuja kampuni ya Kanada, Frobisher, na mwaka 1950 Kilembe Mines Limited ikaundwa. Udhibiti wa kampuni ulikuja kuwa mikononi mwa Falconbridge, nayo ya Kanada, huku Shirika la Maendeleo la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1952, likiwa na sehemu ndogo. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na uzalishaji ukaanza mwaka huo huo. Mawe yalichenjuliwa Kilembe, makinikia ya shaba yakapakiwa kwenye treni Kasese, yakayeyushwa Jinja kwa umeme wa Owen Falls, na shaba ikateremka hadi pwani. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa zao la tatu la Uganda katika mauzo ya nje, baada ya kahawa na pamba. Hadi mgodi uliposimama mwaka 1982, tani zipatazo milioni 16 za mawe zilikuwa zimetolewa mlimani, zikiwa na shaba ya wastani wa karibu asilimia 2.

Tarakimu hiyo ya mwisho inaeleza aina ya udhibiti uliohitajika. Mahali ambapo sehemu 98 kati ya 100 za jiwe ni mabaki, faida na hasara hutenganishwa na mambo machache: tani zilizochimbwa kwa siku, kiwango cha shaba ndani ya jiwe, kiasi kinachookolewa katika mchenjuo, na gharama ya kila tani hadi bandarini. Mfumo wa taarifa wa mgodi wowote wa aina hiyo hujengwa juu ya mambo hayo, na Kilembe haikuwa tofauti. Mnyororo wenyewe, mgodi, mtambo, treni, tanuri na meli, ulikuwa mrefu mno kwa nchi isiyo na bahari, na kila kiungo kilidai hesabu yake.

Haitakuwa haki kusema kwamba kampuni ilihesabu shaba peke yake. Wafanyakazi walikuwemo daftarini. Kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali, na bonde likawa mji wa mgodi wenye maji na umeme kabla ya vijiji vingi vya jirani. Huduma hizi zilikuwa na mantiki ya udhibiti ndani yake: mchimbaji mgonjwa hachimbi, na fundi mwenye nyumba nzuri hahami. Mfanyakazi alikuwa na uwezo wa kuathiri uzalishaji, na kwa hiyo alikuwa na safu yake. Mambo mawili hayakuwa na safu.

La kwanza ni Wakonzo wenyewe kama jamii iliyozunguka mgodi. Kasese ilikuwa sehemu ya Toro hadi mwaka 1974, na ndani ya ufalme huo Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba walinyimwa shule, ufadhili wa masomo, vyeo na nafasi katika utawala. Mwaka 1954 Isaya Mukirane alianzisha chama cha kutafiti historia ya Wakonzo. Mnamo Machi 1962 wajumbe wao walitoka nje ya baraza la Toro, na tarehe 30 Juni mwaka huo Rwenzururu ikatangazwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Dkt. Sembeguya ilitoa ripoti yake mwaka 1962. Ni muhimu kutotia chumvi hapa: Rwenzururu haikuwa harakati ya kuupinga mgodi, na anayeigeuza kuwa hivyo anaipunguzia maana. Lakini utajiri mkubwa wa madini uliotoka katika milima ya watu waliolalamika kwamba hawana shule ni jambo ambalo hesabu za kampuni zingeweza kulipita bila kosa lolote la kihasibu. Baina ya kampuni na jamii walisimama Toro, Entebbe na Kampala, na dai la Mkonzo lilipaswa kupitia milango yote hiyo kabla ya kuifikia bodi.

La pili ni mto na ardhi ya chini yake. Mabaki ya mchenjuo yaliachwa katika bonde, mengine karibu sana na kingo za Nyamwamba. Piriti yenye kobalti, ambayo kwa wakati huo haikuwa na njia ya faida ya kuisafisha, ililundikwa Kasese, nje kidogo ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1952 na kuitwa Queen Elizabeth mwaka 1954. Mvua zilipoliosha lundo, maji yenye asidi na metali yaliteremka ndani ya hifadhi kuelekea ziwa George. Mwaka 1974 mwanaikolojia Eric Edroma alichapisha utafiti juu ya uchafuzi wa shaba katika hifadhi hiyo, iliyokuwa ikiitwa Rwenzori enzi za Idi Amin. Pale maji yalipopita, majani yalikufa.

Lundo hilo halikuwa siri kwa wahasibu wala kwa wahandisi. Lilihifadhiwa kwa sababu lilitazamiwa kuwa na thamani siku moja. Lilijulikana, basi, kama mali inayongoja bei. Kama chanzo cha madhara lilijulikana kwa watu wengine, walioandika katika majarida ya aina nyingine.

Mwaka 1970 una nafasi ya pekee katika simulizi hili. Tarehe 1 Mei, huko Nakivubo, Rais Milton Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika kampuni kubwa, Kilembe ikiwemo. Miezi minne baadaye, tarehe 13 Septemba, Milton Friedman alichapisha katika jarida la gazeti la New York Times makala yake mashuhuri akidai kwamba msimamizi wa kampuni anawajibika kwa wenye hisa, na kwamba kuzungumzia wajibu wa kijamii ni kutumia fedha za wengine. Obote na Friedman wanaonekana kupingana kabisa. Kwa anayetazama kutoka ukingo wa Nyamwamba, wanakubaliana katika jambo moja: swali la msingi ni nani mwenye hisa. Azimio la Nakivubo lilikusudia kubadilisha jina la mwenye hisa kubwa. Safu za daftari zilibaki zilezile. Mapinduzi ya 1971 yalibadilisha mpango huo, Falconbridge ikaondoka katikati ya muongo, na uzalishaji ukadidimia chini ya usimamizi wa umma hadi kusimama mwaka 1982. Mwaka huohuo, kwa sadfa, Rwenzururu ilifikia mapatano na serikali.

Bwera: mlango wa pili

Kutoka mji wa Kasese, barabara ya Kongo inaelekea kusini-magharibi hadi Bwera na Mpondwe, ng'ambo ya pili ikiwa Kasindi. Hapa kilichosimamiwa kilikuwa kahawa. Wakulima wa milimani, katika maeneo kama Ihandiro na Kitholhu, walikausha arabika pamoja na ganda lake, aina inayojulikana katika biashara ya Uganda kwa jina la drugar. Sheria ya mwaka 1969 iliipa Bodi ya Masoko ya Kahawa ukiritimba wa ununuzi na usafirishaji. Vyama vya msingi vilikusanya, vyama vikuu vikapeleka, bodi ikauza. Ulikuwa mfumo wa udhibiti ulionyooka: mizani kijijini, stakabadhi, bei moja iliyopangwa mjini mkuu, na malipo yaliyosafiri kinyume na gunia, kwa mwendo wa polepole zaidi.

Mfumo huo ulifanana na wa Kilembe kwa kuwa nao uliangalia kile kilichotoka. Tofauti ilikuwa kwa mkulima. Shilingi ilipopoteza thamani katika miaka ya 1970 na malipo kuchelewa, mkulima wa Bwera alikuwa na jambo ambalo mkazi wa bonde la Nyamwamba hakuwa nalo, yaani mlango wa pili. Jamaa zake Wanande waliishi ng'ambo ya mpaka, lugha zao zilielewana, na Kiswahili kilitosha sokoni kwa waliobaki. Baridi kali iliyoiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya dunia hadi viwango visivyokuwa vimeonekana, na pengo baina ya bei hiyo na ile ya bodi likawa sababu ya kutosha kwa gunia kuvuka mpaka usiku.

Serikali ilijibu kwa kuongeza udhibiti. Mwaka 1975 ilitolewa amri ya kuunda mahakama maalumu ya makosa ya kiuchumi, na askari wakapelekwa mipakani. Milimani serikali ya Rwenzururu nayo ilikusanya kodi yake, hivyo mkulima mmoja aliweza kuwa na wasimamizi wawili wasiotambuana. Kiswahili kiliacha alama yake katika kipindi hiki kwa namna ambayo wanaisimu wa eneo hili hawajaipa nafasi ya kutosha: neno magendo liliingia katika Kiingereza cha Uganda na hata katika maandiko ya wanauchumi, sambamba na mafutamingi, jina la watu walionenepa kwa biashara hiyo. Nchi ambayo mara nyingi inasemwa kukikataa Kiswahili ilikiendea Kiswahili ilipotaka neno la uchumi wake halisi.

Mwaka 1970 tena, Albert Hirschman alichapisha kitabu chake juu ya kuondoka, kupaza sauti na utiifu. Alianza na mfano wa reli za Nigeria: wateja walipoweza kuhamia kwenye malori, reli haikujirekebisha, kwa kuwa wale ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi ndio walioondoka kwanza. Bwera inaongeza jambo kwenye hoja hiyo. Kuondoka kwa kahawa kulimuumiza mkusanyaji mapato, na kwa hiyo kulihesabiwa. Mkulima hakuwa na kiti katika bodi, wala hakuulizwa bei, lakini kila gunia lililovuka lilikuwa upungufu katika jumla ya bodi. Aliathiri. Ukiritimba ulipoondolewa mwaka 1991 na usimamizi wa kahawa kukabidhiwa mamlaka mpya, sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kuvunjika kwa mgawo wa mkataba wa kimataifa wa kahawa mwaka 1989 na masharti ya wakopeshaji. Hata hivyo, miaka ya magendo ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mizani ya bodi haikuwa pekee.

Mkazi wa Kilembe hakuweza kuupeleka mto wake Kongo. Tofauti baina ya Kilembe na Bwera haimo katika ukubwa wa madhara, wala katika uhalali wa madai. Imo katika uwezo wa anayeathiriwa kujigeuza kuwa anayeathiri, na uwezo huo ulitokana na jiografia zaidi ya sera yoyote ya ushirikishwaji.

Lundo lilipopata bei

Kilichofuata kuhusu lundo la Kasese kinaithibitisha hoja hii kwa namna ya kejeli kidogo. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulichakata kwa kutumia bakteria wanaoyeyusha piriti na kuiachia kobalti, mbinu iliyokuwa ngeni katika ukanda huu. Shughuli hiyo ilikoma mwaka 2014, lundo likiwa limekwisha kutumika. Hivyo chanzo kikubwa cha sumu iliyoua majani hifadhini kiliondolewa, na mazingira yalinufaika. Robo karne ilikuwa imepita tangu Edroma achapishe matokeo yake. Lundo liliondoka pale kobalti ilipopata bei na teknolojia. Kifo cha majani pekee hakikutosha kuliondoa. Mabaki ya bonde la Kilembe, ambayo hayakuwa na thamani ya kulinganishwa nayo, yalibaki yalipo. Utafiti wa Abraham Mwesigye na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba metali za mgodi zinawafikia wakazi kupitia chakula, maji na vumbi.

Katika kipindi hicho sheria nayo ilijaribu kuwaandikia safu wale waliokosa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996 ilitenga asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini kwa jamii zinazopakana nazo. Sheria ya Madini ya mwaka 2003 iligawa mrabaha: asilimia 80 kwa serikali kuu, 17 kwa serikali za mitaa, na 3 kwa mwenye ardhi au mkaaji halali. Hatua hizi zina uzito wake, kwa sababu asilimia iliyoandikwa inaweza kudaiwa, na anayedai hahitaji tena mlango wa pili. Lakini angalia ni nani aliyepewa zile 3. Ni mwenye ardhi panapochimbwa. Mwenye nyumba katika mji wa Kasese, kilomita zipatazo 12 chini ya mgodi, hamiliki ardhi yenye leseni. Anachokipokea ni maji. Mrabaha hufuata madini yanayotoka, nao kwa hiyo umebeba mantiki ileile ya daftari la 1956. Mgodi usipochimba, hakuna mrabaha, ilhali mabaki hayangoji uzalishaji ili yasombwe.

Mti wa Kyarumba

Mfano mdogo wa Kyarumba, milimani kati ya Kasese na Bwera, unaelekea upande mwingine. Ushirika wa akiba na mikopo wa Bukonzo Joint, ulioanzishwa mwaka 1999 na ambao wanachama wake wengi ni wakulima wa kahawa, ulishirikiana na Linda Mayoux kuunda mbinu ya kupanga na kutathmini kwa michoro, ili asiyejua kusoma aweze kuwa mtathmini sawa na karani. Mmojawapo wa michoro hiyo ni mti. Katika mizizi mume na mke wanachora kazi za kila mmoja. Katika matawi wanachora matumizi na nani anayefaidi. Katika shina, nani anamiliki na nani anaamua.

Matokeo yaliyoelezwa na waliofanya kazi hiyo yanahusu ubora wa kahawa, jambo ambalo bodi ya zamani ingelipima kwa mizani na jicho la mkaguzi. Kahawa ilichumwa mbichi. Mkaguzi angeona uzembe au ujinga wa mkulima. Mti ulionyesha jambo jingine: mke aliyefanya sehemu kubwa ya kazi bila kuziona fedha aliiuza kidogo kwa siri kabla mume hajaivuna, na mume naye akawahi kabla ya mke. Kila mmoja alikuwa na magendo yake ndani ya shamba moja. Pale wenzi walipokubaliana juu ya mapato, na wengine wakafikia hatua ya kuandikishana umiliki wa ardhi, sababu ya kuwahi ilipungua na buni zikaachwa ziive.

Kinachofundisha hapa ni mahali pa kuanzia. Mti huanza na anayeathiriwa, kisha kutoka kwake unafika kwenye ubora wa bidhaa, ambao ndio lengo la ushirika. Udhibiti na wadau vinakuwa zoezi moja. Ni kweli kwamba ushirika wa kijiji si mgodi wa tani milioni 16, na mwenye kuuchora mti wa Kilembe angehitaji karatasi ndefu, yenye Toronto mahali fulani karibu na shina. Bado swali la mizizi na matawi lingeweza kuulizwa pale.

Nyamwamba, 2013–2020

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Maji yalibeba mawe makubwa kupita nyumba za mgodi, yakaua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, mgodi ulikabidhiwa kwa mwekezaji, kampuni ya Tibet Hima, kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 serikali ilisitisha mkataba huo ikieleza kwamba masharti hayakutekelezwa. Mjadala wa hadharani uliofuata ulihusu zaidi fedha za uwekezaji, ada na ratiba ya kuanza kuchimba. Mto ulitajwa mara chache zaidi.

Mnamo Mei 2020, mvua kubwa zikinyesha Rwenzori, Nyamwamba ulifurika tena. Hospitali ya Kilembe, ile iliyojengwa na kampuni kwa ajili ya wachimbaji na familia zao na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kielelezo cha kile ambacho mgodi ulilipa bonde, iliharibiwa vibaya. Wagonjwa walihamishwa, na mto ukapita wodini ukiwa na mawe, mchanga na yale yaliyoachwa kingoni tangu 1956.